Neno la Wegesa Kwenye Foleni ya Unga

Mwezi uliopita, nilipokabidhi funguo za ghala, mlinipikia chai, mkanipa kitenge, na mmoja wenu akasema niandike niliyoyaona kazini ili yasipotee. Mengine hayana hasara yakipotea. Lakini nimejaribu. Nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyozungumza. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama wa ghala.

Nilianza miaka ya ujamaa, wakati watu wa kwetu, kutoka milima ya Tarime mpaka huku Ringwani na Machochwe, walipokuwa wakihamishwa kutoka kwenye miji yao. Kwetu mji ni boma la mtu na wake zake na ng'ombe wake, mlima mmoja mji mmoja. Waliambiwa watoke huko wakakae pamoja kwenye vijiji, karibu na barabara, ambako shule na zahanati vingejengwa. Shule kweli ilikuja. Zahanati ilikuja baadaye. Chakula na nyumba, hivyo vilichelewa zaidi, na hapo ndipo kikundi chetu kilipopata kazi.

Kilikuwa kikundi kidogo cha watu wa makanisa ya hapa. Kilikusanya chakula, nguo, nguzo na nyasi za kuezekea, kikawapa waliokosa. Kilikuwa na jina refu lililoandikwa mlangoni, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitamka. Watu walituita Msaada. "Unakwenda wapi?" "Nakwenda Msaada." Hata mimi nyumbani niliitwa Mama Msaada, na watoto wangu walipigana shuleni kwa sababu ya jina hilo.

Siku ya kwanza alinipokea Mzee Matiko, aliyekuwa mtu wa ghala kabla yangu. Alikuwa mrefu, amekonda, na meno yake ya mbele yalikuwa yameng'olewa kama wazee wengi wa wakati ule. Alinipa sindano ndefu ya magunia na kamba ya katani.

"Umewahi kushona?" akaniuliza.

"Nguo, mzee."

"Gunia si nguo. Ukikosea nguo, anachekwa mwenye nguo. Ukikosea gunia, wanacheka panya."

Nilishona mpaka vidole vikavimba. Alipita, akavuta mshono wangu kwa nguvu, ukafumuka wote. Hakunigombeza. Alirudisha tu sindano mkononi mwangu.

Alinifundisha pia kupima. Tulikuwa na bakuli la bati na kijiti cha kusawazishia. Unachota, unapitisha kijiti juu, unaomwagika unarudi guniani. Alisema, "Ukisawazisha, tazama kijiti. Usitazame uso wa mtu."

"Kwa nini, mzee?"

"Uso utausukuma mkono wako. Utampa huyu zaidi, na wa mwisho kwenye foleni atakuta vumbi."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Ninyi mmekwenda semina Musoma na Mwanza, na sisemi ni vibaya, lakini kijiti hicho kilinitosha miaka mingi.

Nguo zilikuja kwa marobota. Watu waliziita kafa Ulaya. Tukifungua robota moja tulikuta makoti mazito ya baridi ambayo hata kule Nyamwaga asubuhi mtu asingeyavumilia, tai za shingoni, na siku moja gauni la arusi lenye mkia. Lile gauni lilichukuliwa na mama mmoja wa Mbalibali akakata vyandarua viwili vya watoto, na nadhani hakuna aliyelitumia vizuri zaidi. Mzee mmoja alichagua koti la kike lenye manyoya shingoni akaenda nalo machungani. Ng'ombe wake walimkimbia.

Lakini wazee wengine waliogopa nguo za marehemu. Waliligeuza koti, wakanusa mifuko, wakauliza, "Mwenye hili amekwenda wapi?" Mzee Matiko aliwajibu, "Amenenepa." Walicheka, wakalichukua, lakini wengine walilifukiza kwa moshi kabla ya kulivaa. Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na sweta moja ambalo sikuwahi kulala nalo.

Kazi ya nyumba ilikuwa ngumu kuliko ya nguo. Kijiji kipya kilipimwa kwa kamba na nyumba zikapangwa mistari. Wenye wana na nguvu walijenga. Wajane na wagonjwa walikaa kwenye vibanda vya majani, na mvua ikawakuta. Tulikuwa na fundi mmoja, Marwa, na nguzo ambazo hazikutosha hata mara moja tangu nianze kazi. Zilipokuja, tulitoa kwanza kwa mjane anayeishi peke yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu ya nyumba: mjane, peke yake, asiye na mtoto wa kumjengea. Ikumbukeni, kwa sababu ndiyo iliyoleta ninayotaka kuandika.

Mwaka uliofuata mvua ikakataa. Mashamba mapya yalikuwa mbali na nyumba, mengine hayakuwa yamelimwa vizuri, na ya zamani yalikuwa yamebaki milimani na nyani. Ulezi haukushika. Muhogo ulikuwa bado mdogo. Tukaanza kugawa unga wa njano, ule ambao watu waliuita yanga. Ulikuwa na harufu na ugali wake ulikuwa kama udongo, na watu waliutukana huku wakiulilia.

Wakati huo Mzee Matiko alikuwa ameshakufa, kifua kilimmaliza. Msimamizi wetu alikuwa Elias, kijana kutoka upande wa Bukoba, amesoma, mpole, mwenye moyo mzuri. Kikurya hakukijua, kwa hiyo nilikuwa nasimama karibu naye kutafsiri. Sitaki mtu amwone Elias kama mbaya kwa haya yanayofuata. Alipungua mwili mwaka ule kama wale aliokuwa anawagawia, maana sahani yake ilikuwa inaliwa na watoto wa jirani.

Tuligawa kipimo kimoja kwa kila kaya, iwe na watu wawili au kumi. Tulijaribu kuhesabu vichwa, ukatokea ugomvi wa marungu, tukaacha. Lakini Elias aliona watoto wachanga wanaisha. Akaongeza kipimo cha pili na maziwa ya unga kwa mama mwenye mtoto mdogo ambaye hana mume wala wakwe, yaani hana mtu, hata kama amehifadhiwa kwenye kaya ya mwingine. Ilikuwa sheria nzuri. Hata leo ningeitetea.

Sasa nimtaje Wegesa. Alikuwa mama mzee wa kutoka milimani, mjane. Hakuzaa mtoto wa kiume. Binti zake wawili waliolewa mbali, mmoja ng'ambo ya mpaka, na ng'ombe wa mahari zao ndio aliobaki nao. Kwa desturi yetu, mama wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe kwa baba wa msichana, msichana anakuja kwake kama mkamwana, kana kwamba ameolewa na yule mwana ambaye hakuzaliwa. Anachagua mwanaume wa kuzaa naye, lakini watoto si wa huyo mwanaume. Ni wajukuu wa mama, wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Wageni wanaishangaa. Sisi tunaona kawaida, kwa sababu bila hiyo nyumba ya mama yule inafutika kabisa, hata jina la mumewe.

Msichana aliyeolewa na Wegesa aliitwa Ghati. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kutambaa, amepewa jina la marehemu mume wa Wegesa, Chacha. Wegesa hakumwita mtoto yule mjukuu. Alimwita mzee. "Mzee ameamka." "Mzee amenikojolea." Ghati alicheka akasema, "Mama, mzee wako huyu ana tabia mbaya, umemtoa wapi?" Na Wegesa akajibu, "Alikuwa hivyo hivyo zamani." Walikaa chini ya majani, upande wa chini wa kijiji, kwa sababu Wegesa hakuwa peke yake na kwa hiyo nguzo zetu hazikumhusu.

Njaa ilipokaza, Ghati alikauka maziwa. Nilimwona akija kwenye foleni na mtoto mgongoni, na mtoto hakulia tena, alikuwa anatazama tu. Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua utazamaji ule.

Siku ile foleni ilikuwa ndefu, na watu wa kila ukoo walikuwepo. Wegesa na Ghati walifika mbele pamoja. Elias akamwona mtoto. Akainama, akamshika mguu, akaniambia niulize.

"Mwambie mama mzee: huyu binti ni mkwe wake, au hana mtu? Kama hana mtu ana kipimo chake na maziwa."

Nikatafsiri. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Wegesa alinitazama, kisha akamtazama mtoto. Alikuwa ameshika kibuyu chake kwa mikono miwili.

Akasema kwa Kikurya, kwa sauti ambayo watu wa nyuma waliisikia, "Si mkamwana wangu. Hana mtu."

Mama mmoja nyuma yake akasema, "We Wegesa!" Ghati akageuka akamtazama mkwe wake kama mtu aliyemwagiwa maji. Wegesa akampiga kiwiko.

"Kinga chombo," akamwambia. "Unangoja nini? Kinga."

Ghati akakinga. Nikachota, nikapitisha kijiti. Elias alifurahi kwamba tumepata mwingine wa kumsaidia. Aliona nyuso za watu akaniuliza kuna nini. Nikamwambia wanashangaa. Ilikuwa kweli.

Lazima nieleze kwa ninyi ambao si wa huku. Ndoa ile haina karatasi wala kanisa. Inasimama juu ya ng'ombe na juu ya neno la yule mama mbele ya watu: huyu ni wa nyumba yangu. Na neno lililoifunga ndilo linaloweza kuifungua. Wegesa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Mtoto alipata nafuu. Maziwa yale ya unga, kwa kweli, yalifanya kazi. Akaanza tena kulia, akaanza kukojolea watu. Kwa muda mfupi walikula vipimo viwili kwenye chungu kimoja, na Ghati akarudi kuwa na kelele. Alipita ghalani akaniambia, "Mama Msaada, mimi sasa sina mtu, nitafutie bwana mwenye baiskeli!" Wanawake wakacheka. Tulicheka kwa sababu tulidhani limepita.

Halikupita. Baba yake Ghati, Magige, alikuwa ameambiwa siku ileile. Alikuwa na mtu wa Sirari, mfanyabiashara, aliyemtaka Ghati tangu zamani, na mtu huyo alikuwa na ng'ombe mwaka ambao wengi hawakuwa nao. Magige akaitisha wazee kwenye lango la zizi lake. Alisema kwamba mama amemkana mkwe wake mbele ya watu, kwa hiyo yeye anarudisha ng'ombe wa mama na anamchukua binti yake, pamoja na mtoto. Ng'ombe akirudi, mtoto hana nyumba kule tena.

Elias alikuja. Nilikwenda naye kutafsiri, ndiyo maana niliruhusiwa kukaa pale. Alisimama akasema kwa uchungu, "Wazee wangu, shikamooni. Mama huyu alisema vile kwa ajili ya unga tu. Ni njaa ilisema."

Mzee mmoja akamjibu taratibu, "Kijana, marahaba. Njaa haina mdomo. Tumeitwa kusikia mdomo wa Wegesa."

Kisha mzee huyo akamgeukia Wegesa, na kwa kweli alimfungulia mlango. Alisema, "Mama, kama ulidanganya kwa sababu ya njaa, sema hapa kwamba ulidanganya. Neno litaanguka, Ghati atarudi kwako leo na mtoto wake. Hakuna atakayekucheka, wote tumekula yanga."

Lakini mwenyekiti wa kijiji alikuwa amekaa pale. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ametangaza kwamba kaya itakayodanganya ili kupata chakula itaondolewa kwenye mgao mpaka mavuno. Alikuwa ameshaondoa kaya mbili, na mmoja wa watoto wa kaya hizo tulikuwa tumemzika. Akakohoa, akasema, "Nami nasikiliza. Akisema alidanganya, sheria ni sheria."

Elias akaruka. "Mwenyekiti, unga ni wetu! Sitamwondoa!"

"Unga ni wenu, kijiji ni cha nani? Utagawia wapi, msituni?"

Wakabishana kwa Kiswahili. Wazee wakangoja. Nilikuwa namtafsiria Wegesa, na nilipofika mwisho akaninyooshea mkono kwamba basi, amesikia. Mtoto alikuwa mapajani mwa Ghati, anavuta shanga zake. Kule kwa Magige, na kwa yule mtu wa Sirari, kulikuwa na maziwa ya ng'ombe. Kwa Wegesa, akisema alidanganya, kungekuwa na mtoto lakini hakungekuwa na unga hata wa kipimo kimoja.

Wegesa akasimama. Alichelewa kusimama, magoti yalikuwa mabaya.

"Sikudanganya," akasema. "Si mkamwana wangu. Hana mtu kwangu."

Ghati akapiga yowe. "Mama! Mama, usiseme hivyo! Sema ulidanganya!"

"Nyamaza, wewe. Mpeleke mtoto akanywe."

Magige hakuringa, nimpe haki yake. Alitazama chini. Ng'ombe walirudishwa, wale waliokuwa wamebaki, wamekonda. Wegesa aliwauza upesi, au walikufa, sikumbuki vizuri. Ghati alichukuliwa kwenda upande wa Sirari. Nilisikia alipiga kelele njia nzima, kisha nikasikia kwamba alizoea. Mtoto alipewa jina jingine.

Elias aliomba uhamisho kabla ya mavuno. Kabla hajaondoka aliniuliza angefanya nini. Nilimwambia ukweli: asingeuliza kwenye foleni. Kama angemwita mama pembeni, wakawa wawili na mimi, Wegesa angeweza kusema lolote na lingebaki kuwa habari ya unga. Mbele ya watu halikuwa unga tena. Alitikisa kichwa, akasema hakujua. Hakujua kweli. Kwa hiyo nawaandikia ninyi, kwa sababu naona bado mnauliza watu habari za nyumba zao mbele ya foleni, na sasa mnatumia kipaza sauti.

Baada ya hapo Wegesa alikuwa mjane, peke yake, asiye na mtoto wa kumjengea. Zilipokuja nguzo nyingine, jina lake lilikuwa la kwanza. Marwa fundi alimjengea nyumba nzuri, ya nguzo imara na nyasi nene. Nilikwenda siku ya kuezeka. Wegesa alikuwa amekaa nje juu ya gogo, anatazama.

"Imependeza, mama," nikamwambia.

"Ni kubwa," akasema. Kisha akasema, "Sasa natosha kwenye sheria yenu."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira.

Nilikaa kwenye kazi hii miaka mingi baada ya hapo. Vijiji vilibadilika, viongozi walibadilika, mahindi ya njano yakaja mara nyingine na nyingine. Niliona watu wengi tuliowasaidia wakiinuka, sitasema uongo, wapo, na watoto wao wengine ni walimu. Lakini mkiniuliza naona nini nikifumba macho, siwaoni hao. Kazi yetu ilikuwa kuwapa watu chakula, nguo na nyumba. Wegesa tulimpa vyote vitatu. Alikula unga wetu, alivaa koti letu, alilala chini ya nyasi zetu.

Alikufa mvua za kwanza zilipokuja, wakati ambapo hata shamba lake lilikuwa limeanza kuota. Kaburi lilichimbwa karibu na nyumba. Kwetu hapo mwanaume wa nyumba ya marehemu, mwana au mjukuu, anatupa udongo wa kwanza. Watu walisimama wakangoja. Ghati alikuwa amekuja kutoka Sirari kwa miguu, tope mpaka magotini, amemshika mtoto mkono. Akamsogeza mbele.

Yule mzee wa kikao cha zizini akamzuia mtoto kwa fimbo yake, taratibu sana, akamwambia Ghati, "Mwanangu, huyu ni wa nyumba nyingine. Akitupa hapa atamzika baba yake aliye hai kule Sirari."

Ghati akarudi nyuma, akakaa chini, akamfunika mtoto uso kwa kanga.

Mwenyekiti akauliza basi nani atatupa. Watu wakatazamana. Mtu akasema, na hakuwa na nia mbaya, alitaka tu tumalize kabla ya mvua, "Huyu alikuwa mtu wa Msaada. Msaada wamzike."

Marwa fundi akanitazama. Kisha akaweka chini nyundo aliyopigilia jeneza, akachota udongo.